Mama Aliyezika Watoto Wanne

Wapenzi wanandoa, huenda ninyi pia mmemzika mtoto, na tangu siku ile hakuna anayethubutu kulitaja jina lake nyumbani. Basi msikieni habari za Zélie Martin, mama wa Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu.

Alizaliwa Ufaransa mwaka 1831. Aliomba utawa, akakataliwa. Akawa fundi wa lesi mjini Alençon, na mwaka 1858 akafunga ndoa na Louis, fundi wa saa. Walijaliwa watoto tisa. Kati ya 1867 na 1870 walizika wanne: wavulana wawili, wote wakiitwa Yosefu, kisha Hélène wa miaka mitano na kichanga Mélanie-Thérèse.

Watu (hawakosekani msibani!) walimwambia ingekuwa heri asingaliwazaa. Zélie hakukubali hata kidogo. Alilia, maana imani haimkatazi mama kulia, lakini aliamini wanawe hawakupotea, angewakuta mbinguni. Hélène alipougua sikio, mama alimwambia amwombe Yosefu mdogo, aliyekuwa amezikwa majuma machache tu. Sikio likapona. Kwake marehemu yule alikuwa bado mtoto wa nyumba ile.

Zélie alifariki kwa kansa ya titi mwaka 1877, Teresia akiwa na miaka minne. Louis akawalea mabinti watano. Tarehe 18 Oktoba 2015 Baba Mtakatifu Fransisko aliwatangaza watakatifu, mume na mke pamoja.

Leo jioni mkisali rozari, mtajeni mtoto wenu kwa jina. Baba na aanze, maana mara nyingi ndiye aliyenyamaza zaidi.