Krapf na Watoto Wake Wawili

Mzazi anayepanda ndege kutoka Malindi kwenda Nairobi akiwa na watoto wadogo ana malalamiko mengi, na mengi ni ya haki. Kigari cha mtoto hukunjwa mlangoni mwa ndege na kuchukuliwa kama mzigo. Mtoto aliye chini ya miaka 2 hupakatwa. Masikio yake huziba ndege ipaapo, naye hulia hata abiria wote wakageuza shingo. Mashirika mengi humdai mja mzito barua ya daktari atimizapo wiki 28, humkatalia akishapita wiki 36, na hayamchukui mtoto ambaye hajatimiza siku 7 tangu kuzaliwa. Wako wanaoziona kanuni hizi kuwa usumbufu mtupu, hasa kwa safari isiyozidi sana saa moja. Mimi kila nizisikiapo humkumbuka Johann Ludwig Krapf, na zaidi ya Krapf, humkumbuka mkewe.

Krapf hana haja ya kujulishwa kwa mwalimu wa historia. Alizaliwa mwaka 1810 Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, Ujerumani, akasomea umisionari Basel, Uswisi, kisha akatumwa Uhabeshi na chama cha kimisionari cha Kiingereza, CMS. Mwanafunzi yeyote aliyeketi darasani atakwambia kwamba ndiye Mzungu aliyeuona Mlima Kenya mwaka 1849 na kuandika habari zake, na kwamba alitunga sarufi ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1850. Hayo ni kweli. Lakini katika masomo hayo Krapf huja kwetu kama mtu asiye na mzigo mkononi, aliyetoka Ulaya peke yake na kushuka Mombasa na vitabu vyake. Sivyo alivyokuja.

Mwaka 1842 alimwoa Rosine Dietrich, msichana wa Basel, katika mji wa Aleksandria, Misri. Mwaka uliofuata walijaribu kurudi Uhabeshi kwa njia ya Massawa, katika pwani ya Bahari ya Shamu. Huko jangwani, katika nchi ya Washoho, Rosine alishikwa na uchungu kabla ya wakati. Hapakuwa na mkunga wala nyumba. Alizaa mtoto wa kike, naye mtoto hakuishi. Baba yake alimpa jina la Eneba, ambalo kwa Kiamhari ni chozi. Njia ya Uhabeshi nayo ikafungwa kwao, maana wamisionari wa Kiprotestanti hawakutakiwa tena.

Mtu angedhani wangerejea kwao. Krapf aligeuza uso kusini. Mnamo Novemba 1843, msimu wa kaskazi ulipoanza, walipanda jahazi Aden. Chombo kilivuja vibaya, ikawalazimu kurudi, nao wakatafuta kingine. Nasi tukihesabu miezi kwa kurudi nyuma, tutaona kwamba Rosine alikuwa ameshachukua mimba ya pili. Mama mwenye mimba changa, aliyemzika mtoto miezi michache tu kabla, aliketi sitahani juu ya mizigo, akipigwa na jua la mchana na umande wa usiku, kwa wiki kadhaa.

Mwishoni mwa mwaka huo chombo kilifika Takaungu, kusini kidogo ya hori ya Kilifi, mji uliokuwa mikononi mwa Wamazrui waliohama Mombasa baada ya kushindwa na Seyyid Said mwaka 1837. Ndiyo sababu nasema kwamba habari za Krapf ni za Kilifi kabla ya kuwa za Mombasa. Kutoka hapo walipitia Mombasa hadi Unguja, ambako Seyyid Said alimpa Krapf barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani. Mwezi Mei 1844 mume na mke wakarudi Mombasa kukaa. Rosine alikuwa na mimba ya miezi kama saba. Leo angeombwa barua ya daktari kabla ya kuruhusiwa kupanda ndege.

Mwezi Juni Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Mwezi Julai homa iliingia nyumbani. Rosine alijifungua mtoto wa kike wakati yeye na mumewe wote wanaugua. Tarehe 13 Julai akafariki, na haikupita wiki mtoto naye akamfuata. Walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa, upande unaoitwa Nyali siku hizi. Kwamba homa ile huletwa na mbu haikuthibitishwa mpaka mwaka 1897, kwa hiyo sitamlaumu Krapf kwa kukosa chandarua.

Ninalomlaumu ni jingine. Alipowaandikia wakubwa wake Uingereza habari za msiba, hakuomba kurudishwa. Aliwaambia kwamba kaburi lile la upweke ni ishara kwamba kazi yao katika bara hili imeanza, na kwamba makaburi ndiyo ngazi ya ushindi. Wengi wameyasifu maneno hayo kama imani isiyotikisika. Huenda ni imani kweli, na sitaki kumdhihaki mtu aliyefiwa akiwa mwenyewe hoi kitandani. Hata hivyo nayaona mazito. Yeye aliichagua safari. Rosine huenda aliichagua pia, maana alikuwa mwanamke wa imani. Watoto wawili hawakuchagua chochote. Wao walibebwa tu.

Na kubeba mtoto ni elimu ambayo pwani hii ilikuwa nayo zamani. Mwanamke wa Kigiriama au wa Kiswahili alimfunga mwanawe mgongoni kwa mbeleko akaenda naye shambani, kisimani na safarini, na mzazi mpya hakutolewa nje mpaka arubaini yake itimie. (Kigari chepesi cha kukunjwa, tunachokisukuma leo uwanjani, kilibuniwa mwaka 1965 na Owen Maclaren, Mwingereza aliyekuwa mhandisi wa ndege. Muda wote huo mbeleko ilikwisha kukunjika.)

Mwaka 1846 Johannes Rebmann aliwasili, na mwezi Agosti wote wawili, wakiwa na homa, wakapanda kilima cha Rabai kuanzisha kituo chao. Krapf aliondoka mwaka 1853 kwa ajili ya afya, akaja tena mwaka 1862 kuwasaidia Wamethodisti walioanza kazi Ribe, na akafariki Korntal, Ujerumani, mwaka 1881. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka London mwaka uliofuata. Rebmann alikaa mpaka mwaka 1875, akaondoka kipofu, akiwa amemzika mkewe Emma na mtoto mchanga.

Shule nyingi za Kilifi hupeleka wanafunzi Rabai, ambako kanisa la mwaka 1887 limefanywa makumbusho, nao hurudi na daftari zilizojaa tarehe za milima. Mwalimu mwenye nafasi na awapeleke Nyali vilevile. Kisha awape swali moja la kuandika: Krapf alipofika pwani yetu, alikuwa na watu wangapi pamoja naye?