Hendrick Goltzius

Hendrick Goltzius (1558 – 1 Januari 1617) alikuwa mchoraji na mchonga picha za chapa wa Uholanzi. Miongoni mwa kazi zake ni picha za sanamu za Roma ya Kale.

Maisha

Alizaliwa karibu na Venlo, mahali ambapo leo ni Ujerumani, akiwa mtoto wa mchoraji wa vioo. Alipokuwa mdogo sana alianguka motoni, na mkono wake wa kuume ukabaki umekunjamana, vidole visikunjuke sawasawa. Kwa kazi nyingi kingekuwa kilema. Lakini mchongaji huukata mstari kwenye bamba la shaba kwa kusukuma chuma chenye ncha kali kwa nguvu ya mkono mzima hadi begani, na mkono ule ulikishika vizuri. Mistari ya Goltzius hunenepa na kukonda, hata mtazamaji anaona misuli imetuna kwenye karatasi bapa.

Alijifunza kwa Dirck Volckertszoon Coornhert, akahamia Haarlem mwaka 1577, na mwaka 1582 akaanza kuchapa kazi zake mwenyewe.

Safari ya Roma

Mwaka 1590, akiwa anaugua kifua, alifunga safari kwenda Italia. Jina lake lilikuwa limeshavuma, kwa hiyo alisafiri kwa kujificha, na njiani mtumishi wake alijifanya ndiye bwana. Aliikuta Roma katika njaa na tauni, watu wakifa barabarani, naye akaendelea kuchora sanamu.

Kutokana na michoro hiyo alichonga mabamba matatu. Mashuhuri zaidi ni la Hercules wa Farnese, sanamu iliyofukuliwa katika mabafu ya Kaisari Caracalla. Wengi wangeichora kwa mbele. Goltzius alisimama nyuma yake, mahali panapoonekana matufaha ambayo shujaa ameyaficha mgongoni. Chini aliweka wanaume wawili wanaoinua macho, na kwa kuwalinganisha nayo msomaji anajua ukubwa wa sanamu. Wapenzi wa sanaa ambao hawakuwahi kufika Roma waliweza kuiona kwa njia hiyo.

Miaka ya mwisho

Tangu mwaka 1600 hivi aligeukia picha za rangi. Alifariki Haarlem, na mabamba hayo matatu yalitolewa mwaka huohuo. Michoro yake mingi ya Roma imehifadhiwa katika Makumbusho ya Teylers mjini humo.