Haagen-Smit, profesa aliyefichua moshi wa Los Angeles

Arie Jan Haagen-Smit alizaliwa Utrecht, kule Uholanzi, mwaka wa 1900. Hakuwa mtu wa sendika, alikuwa profesa wa kemia. Lakini sisi wafanyakazi wa migodi tuko na deni kwake, na tutaeleza sababu.

Mwaka wa 1937 aliingia kufundisha Pasadena, karibu na Los Angeles, Marekani. Kazi yake ilikuwa kuchunguza harufu na ladha ya mimea, kama vile nanasi.

Miaka ile mji wa Los Angeles uliteswa na ukungu wa moshi. Macho yanawasha, watu wanakohoa, majani ya mboga yanaungua shambani, mipira ya motokari inapasuka mbele ya wakati. Mwaka wa 1943 watu walinyooshea kidole kiwanda kimoja tu. Kikafungwa kwa muda, lakini moshi haukuisha.

Haagen-Smit akachukua vyombo vyake vya kunasia harufu ya nanasi, akanasa navyo hewa ya mji. Jibu likatoka: moshi wa motokari na mvuke wa viwanda vya mafuta, ukipigwa na jua, unazaa gesi inayoitwa ozoni. Njo hiyo iliyokuwa inakula mipira na vifua vya watu.

Hapa wengi wanachanganyikiwa, juu wamesikia siku zote kwamba ozoni inatulinda. Yote mawili ni kweli. Gesi ni moja, atomu tatu za oksijeni. Ile iliyo juu sana, kilomita 15 mpaka 35 hivi, inazuia miale mikali ya jua inayoleta kansa ya ngozi. Ile iko huku chini, tunaivuta, na inachoma mapafu. Ubaya wake ni mahali iko. Tena hii ya chini haipandi kwenda kuongeza ile ya juu.

Kampani za mafuta hazikufurahi. Zikalipa watafiti wengine, nao wakapinga hesabu yake. Yeye hakurudi nyuma. Alichanganya moshi wa motokari na mvuke wa esanse ndani ya chombo, akaumulikia mwangaza, na ozoni ikatokea. Vipande vya mpira alivyokunja vikapasuka mbele ya macho ya watu. Pole pole wabishi wakakosa la kusema.

Mwaka wa 1968 aliwekwa kuwa mwenyekiti wa kwanza wa baraza la kulinda hewa la California, akaliongoza mpaka 1973. Alikufa mwaka wa 1977.

Sasa deni letu. Ndani ya ateliye zetu, ule mwangaza mkali wa kuunga vyuma kwa umeme nao unazaa ozoni. Pahali hewa haitembei, mwenzetu anaivuta mchana kutwa. Kiisha akilalamika kifua, anaambiwa eti ni baridi ama ni sigara. Ndugu zetu, tusikubali maneno ya mdomo tu. Haagen-Smit alishinda wakubwa kwa kupima. Wajumbe wa sendika, mukiingia kikaoni na patroni, muombe mambo mawili: hewa ya ateliye ipimwe, na feni za kutoa moshi ziwekwe. Majibu ya vipimo yabandikwe ukutani, kila mfanyakazi ayasome.