Mtunza Hadithi wa Urusi

Zamani katika nchi ya Urusi wakulima wengi hawakujua kusoma wala kuandika. Lakini usiku wa baridi, theluji ilipofunika mashamba, walikaa karibu na moto wakasimuliana hadithi. Walisimulia habari za Baba Yaga, kizee mchawi akaaye katika nyumba yenye miguu ya kuku, naye husafiri ndani ya kinu akikiendesha kwa mchi. Walisimulia pia habari za Koschei, aliyeficha mauti yake katika sindano, na sindano katika yai. Msimulizi alipokufa, hadithi zake nyingi zilizikwa pamoja naye.

Mtu aliyeokoa nyingi katika hizo ni Alexander Afanasyev. Alizaliwa mwaka 1826 katika jimbo la Voronezh. Alijifunza sheria katika chuo kikuu cha Moscow, na mwaka 1849 akapata kazi ya kutunza hati za serikali katika mji huo. Mshahara wake aliutumia kununua vitabu vya kale.

Hadithi nyingi hakuziandika yeye mwenyewe vijijini. Chama cha Jiografia cha Urusi kilimpa zile kilizokuwa nazo, na Vladimir Dal, mtungaji wa kamusi, akampa alizozikusanya. Afanasyev akazisoma zote, akazilinganisha na kuzipanga kwa uvumilivu. Toka mwaka 1855 mpaka 1863 alitoa vitabu vyenye hadithi karibu 600.

Kisha msiba ukampata. Mwaka 1862 alishukiwa kuwa alionana na mtu aliyekuwa adui wa serikali. Nyumba yake ikapekuliwa, naye akafukuzwa kazi. Umaskini ukamshika, hata akalazimika kuuza vitabu vyake alivyovipenda. Walakini hakuiacha kalamu. Kati ya mwaka 1865 na 1869 alitoa vitabu vitatu vikubwa juu ya imani za kale za Waslavi, na mwaka 1870 akawatolea watoto kitabu cha hadithi. Mwaka uliofuata alikufa kwa kifua kikuu, maskini, umri wake miaka 45.

Hata leo watungaji wa hadithi za ajabu huchota katika vitabu vyake kama watu wachotao maji kisimani. Na watoto wa nchi nyingi, wasiolijua jina la Afanasyev, wanamjua Baba Yaga na kinu chake.