Lilienthal: Mhandisi aliyeuza mabawa na kufa akijifunza kuruka

KATI ya mwaka wa 1894 na 1896, kiwanda kimoja jijini Berlin, Ujerumani, kilichojulikana kwa kuunda boila na injini za mvuke, kilianza kuuza bidhaa ambayo haikuwa imewahi kutiwa bei mahali popote duniani. Bidhaa hiyo ilikuwa mabawa ya kumwezesha binadamu kuruka. Bei yake ilikuwa Mark 500, fedha ambazo mfanyakazi wa kawaida wa kiwandani angezipata tu baada ya kutoka jasho kwa miezi kadhaa.

Mwenye kiwanda hicho alikuwa Otto Lilienthal. Wanahistoria wengi humhesabu kuwa mtu wa kwanza kuruka mara kwa mara, kwa mpango na kwa mafanikio, akitumia chombo kizito kuliko hewa. Alifanya hivyo miaka kumi na miwili kabla ya ndugu wawili Wamarekani, Wilbur na Orville Wright, kurusha ndege yao yenye injini mnamo Desemba 17, 1903.

Chombo chake hakikuwa na injini, usukani wala kiti. Hata hivyo, bila chombo hicho na bila subira ya mwenyewe, huenda safari za angani zingechelewa sana.

Korongo wa Anklam

Lilienthal alizaliwa Mei 23, 1848 katika mji mdogo wa Anklam, kaskazini mwa Ujerumani, eneo ambalo wakati huo lilikuwa chini ya ufalme wa Prussia. Wazazi wake, Gustav na Caroline, walijaliwa watoto wanane lakini watano walifariki wakiwa wachanga. Waliosalia ni Otto, mdogo wake Gustav na dada yao Marie.

Baba yao, mfanyabiashara wa nguo, aliaga dunia mwaka wa 1861, Otto akiwa na umri wa miaka 13 pekee. Mzigo wote wa malezi ukamwangukia mama, ambaye hakuwakataza vijana wake kufuata mambo ambayo majirani wengi waliyaona kuwa upuuzi.

Upuuzi wenyewe ulikuwa kuwachunguza korongo. Katika malisho yaliyozunguka Anklam, ndege hao weupe walifika kila majira ya kuchipua wakitoka Afrika. Hadi leo, baadhi yao hupitia Afrika Mashariki wanapokimbia baridi ya Ulaya. Otto na Gustav waligundua kwamba korongo akitaka kupaa hukimbia kuelekea upepo unakotoka, wala hakimbii akiupa mgongo. Waligundua pia kwamba huweza kwenda mwendo mrefu akiwa ametandaza mabawa tu, bila kuyapigapiga.

Wakiwa bado wanafunzi, wavulana hao walijiundia mabawa ya mbao nyepesi, wakayafunga mikononi na kukimbia nayo. Walifanya hivyo usiku ili wenzao wasiwacheke. Hawakupaa hata shubiri moja, lakini swali lilikuwa limekwisha kuota mizizi.

Miaka ya kupima na kuhesabu

Baada ya masomo ya ufundi mjini Potsdam na mafunzo ya kazi kiwandani, Otto alijiunga na chuo cha ufundi cha Berlin mwaka wa 1867. Alihitimu mwaka wa 1870 na papo hapo akaenda vitani, Prussia ilipokuwa ikipigana na Ufaransa. Aliporejea, alirudi kwenye mabawa.

Wakati huo wasomi wengi waliamini kwamba njia ya pekee ya kwenda angani ni baluni iliyojazwa gesi. Lilienthal hakubishana nao kwa maneno. Mwaka wa 1874, yeye na Gustav waliunda mtambo wenye mkono mrefu uliozunguka, wakafunga vibao vya maumbo mbalimbali kwenye ncha zake na kupima jinsi hewa ilivyoviinua na kuvizuia.

Jibu lilikuwa wazi. Kibao kilichobinuka kidogo, mfano wa bawa la ndege, huinuliwa kwa nguvu zaidi kuliko kibao bapa. Vipimo hivyo alivichapisha mwaka wa 1889 katika kitabu kuhusu kuruka kwa ndege kama msingi wa ufundi wa kuruka. Kati ya vipimo vya kwanza na kitabu hicho ilipita miaka 15.

Muda huo haukupotea bure. Alimwoa Agnes Fischer mwaka wa 1878, wakajaliwa watoto wanne. Alivumbua boila ndogo ya mvuke iliyotumia mabomba yaliyojiviringisha, ambayo haikuwa rahisi kulipuka kama zile za kawaida, na kwa uvumbuzi huo akaanzisha kiwanda chake mwanzoni mwa miaka ya 1880. Aidha, yeye na Gustav walibuni matofali madogo ya kuchezea watoto, lakini wakauza siri ya utengenezaji wake kwa mfanyabiashara mwingine ambaye ndiye aliyetajirika.

Lilienthal alikuwa mwajiri wa aina ya pekee. Mwaka wa 1890 aliamua kuwagawia wafanyakazi wake robo ya faida ya kiwanda, jambo ambalo waajiri wengi wa enzi hiyo hawangelifikiria. Alipenda pia muziki na tamthilia, na alisaidia jumba la maonyesho ili watu wa kipato cha chini waweze kuingia kwa bei nafuu.

Hatua kwa hatua

Haba na haba hujaza kibaba. Alipoanza kuruka mwaka wa 1891, akiwa na umri wa miaka 43, Lilienthal hakupanda mnara wala jabali. Alianza bustanini mwake, akijirusha na mabawa yake kutoka kwenye ubao uliokuwa kimo cha mita moja hivi. Alipozoea, aliuinua ubao huo kidogo kidogo.

Kisha alihamia kwenye vilima vya Derwitz, karibu na Potsdam, ambako aliruka umbali wa hadi mita 25. Mwaka wa 1893 alienda kwenye vilima vya Rhinow, kaskazini magharibi mwa Berlin, na huko akafikia mita 250.

Mwaka wa 1894, ili asisafiri mbali kila mara, alijijengea kilima chake mwenyewe huko Lichterfelde, karibu na nyumbani. Kilikuwa na urefu wa mita 15, na kileleni palikuwa na kibanda cha kuhifadhia mabawa. Umbo lake la duara lilikuwa na maana: upepo uvume kutoka upande wowote, mrukaji angeweza kukimbia akiuelekea, kama korongo wa Anklam.

Mrukaji alipitisha mikono yake kwenye fremu ya chombo na kujishikilia kwa viwiko, huku miguu ikining'inia. Chombo kikiinama kushoto, alirusha miguu kulia. Pua ikiinuka, alisukuma mwili mbele. Kwa hivyo mwili wake wenyewe ndio uliokuwa usukani, na mwili hauwezi kufundishwa kazi kama hiyo kwa kusoma kitabu. Unafundishwa kwa kurudia.

Naye alirudia. Inakadiriwa kwamba aliruka zaidi ya mara 2,000, ilhali muda wote aliokaa hewani ukijumlishwa ni saa chache tu. Umma wa Berlin ulifurika Lichterfelde kumtazama. Wapigapicha nao walimnasa akiwa hewani, na picha hizo zikasambaa katika magazeti ya nchi nyingi. Kwa mara ya kwanza, watu wa mbali waliona kwa macho yao kwamba binadamu anaweza kuelea angani.

Wateja wa kwanza

Ndipo maombi ya kununua yakaanza kuja. Chombo alichokiuza kilikuwa na fito nyumbufu zilizowambwa kitambaa cha pamba. Upana wake kutoka ncha hadi ncha ulikuwa mita 6.7, kilikuwa na uzito wa kilo 20 hivi, na kiliweza kukunjwa kama mabawa ya popo ili kibebwe kwa urahisi. Ndiyo ndege ya kwanza duniani kuundwa kwa nakala nyingi zinazofanana kwa ajili ya kuuzwa. Angalau tisa zilipata wanunuzi.

Miongoni mwao alikuwa Nikolai Zhukovsky, mwanasayansi wa Urusi aliyekuja kuwa mwanzilishi wa elimu ya anga nchini mwake. Mmarekani William Randolph Hearst, mmiliki wa magazeti, alinunua chake mwaka wa 1896. Chombo hicho kimehifadhiwa hadi leo na makumbusho ya taifa ya anga jijini Washington.

Profesa George Francis FitzGerald wa chuo cha Trinity, Dublin, naye alijipatia kimoja. Alikuwa bingwa wa fizikia, lakini majaribio yake ya mwaka wa 1895 katika uwanja wa chuo hayakumfikisha mbali. Alikuwa na chombo kilekile cha Lilienthal, ila hakuwa na maelfu ya miruko ya Lilienthal.

Aliyefahamu tofauti hiyo ni Percy Pilcher, mhandisi kijana Mwingereza aliyefanya kazi mjini Glasgow. Pilcher alinunua chombo, na pia alifunga safari hadi Berlin kujifunza kwa mwenyewe. Aliporejea Uingereza aliunda vyombo vyake na kuwa mrukaji hodari. Hata hivyo, Septemba 30, 1899, mkia wa chombo chake ulivunjika hewani mbele ya watazamaji huko Stanford Hall. Alifariki siku mbili baadaye akiwa na umri wa miaka 32.

Jumapili ya mwisho

Lilienthal alifahamu hatari hizo. Mwaka wa 1894 alianguka vibaya, na akaokolewa na uta wa fito uliokuwa mbele ya chombo ambao ulipokea kishindo cha ardhi kabla ya mwili wake.

Agosti 9, 1896, siku ya Jumapili, alienda kwenye kilima cha Gollenberg karibu na kijiji cha Stölln, katika vilima vya Rhinow. Aliandamana na fundi wake, Paul Beylich. Jua lilikuwa kali. Siku hiyo, chombo chake hakikuwa na ule uta wa kumkinga.

Alipokuwa hewani, hewa moto iliyopanda kutoka ardhini iliinua pua ya chombo ghafla. Chombo kilipoteza mwendo na kusimama. Lilienthal alirusha miguu mbele kujaribu kukirejesha, lakini akaporomoka kutoka kimo cha mita 15 hivi na kuvunjika shingo. Alisafirishwa hadi Berlin, akafia hospitalini kesho yake, Agosti 10, akiwa na umri wa miaka 48.

Urithi wake

Habari za kifo hicho zilivuka bahari na kuwafikia Wilbur na Orville Wright, waundaji wa baiskeli mjini Dayton, Marekani. Badala ya kuwatisha, ziliwachochea. Walisoma maandishi ya Lilienthal, wakachukua vipimo vyake na, lililo muhimu zaidi, wakafuata njia yake ya kujifunza kuelea kwanza kabla ya kufikiria injini.

Mwaka wa 1901 vyombo vyao havikuinuka walivyotarajia, wakatilia shaka vipimo vyake. Uchunguzi wao ulibainisha baadaye kwamba kosa kubwa lilikuwa katika kipimo cha zamani cha msukumo wa hewa kilichotumiwa na watu wengi, si hasa katika majedwali ya Mjerumani huyo.

Si kwamba hakukosea popote. Hadi mwisho wake aliamini kwamba ndege yenye injini ingeenda kwa kupigapiga mabawa kama ndege hai, na aliunda vyombo vya aina hiyo. Ndugu yake Gustav aliishikilia imani hiyo hadi kifo chake mwaka wa 1933. Kadhalika, kuongoza chombo kwa kurusha miguu kulikuwa na mipaka, na ndugu wa Wright ndio waliopata njia bora ya kukipinda bawa lenyewe.

Swali moja lilibaki kwa zaidi ya karne: je, chombo alichokiuza kilikuwa mtego wa mauti? Mwaka wa 2016, kituo cha utafiti wa anga cha Ujerumani kiliunda nakala yake na kuipima katika handaki la upepo. Watafiti walihitimisha kwamba chombo hicho kilikuwa tulivu, na kwamba mrukaji mzoefu angeweza kukitumia kwa usalama kutoka vilima vya kimo cha wastani.

Ujerumani haijamsahau. Kilima chake cha Lichterfelde kiligeuzwa kuwa mnara wa kumbukumbu mwaka wa 1932. Uwanja wa ndege wa Tegel jijini Berlin ulipewa jina lake mwaka wa 1988 na ukalitumia hadi ulipofungwa mwaka wa 2020. Mjini Anklam lipo jumba la makumbusho yake.

Huko Stölln, karibu na kilima alikoangukia, mnamo Oktoba 1989 rubani mmoja alitua kwenye nyasi na ndege kubwa ya abiria yenye injini nne aina ya Ilyushin Il-62, katika uwanja usiofika hata kilomita moja. Ndege hiyo haikuondoka tena, na sasa ni makumbusho. Ilipewa jina la Lady Agnes, kwa heshima ya mjane wa Lilienthal.