Walt Disney na Gari-moshi la Uani

Walt Disney, mtengenezaji filamu wa Marekani, alizaliwa Chicago mwaka 1901, akaishi utotoni Marceline, mji mdogo wa Missouri uliopitiwa na reli. Alipokuwa kijana aliuza magazeti na peremende ndani ya treni. Sifa zake za katuni zajulikana. Lakini kwetu sisi walimu, lenye mafunzo zaidi ni lile alilolifanya uani kwake, Los Angeles.

Umri wake ulikwisha kupita miaka 45 alipoingia karakana ya studio yake na kuwa mwanafunzi wa mafundi aliowaajiri mwenyewe. Alijifunza kukereza chuma na kuranda mbao, akalijenga kwa mikono yake behewa la mwisho, lile la mlinzi wa treni. Injini ilikuwa sehemu moja ya nane ya injini ya kweli, ikaendeshwa kwa makaa na mvuke hasa. Iliitwa Lilly Belle, kwa heshima ya mkewe Lillian. Mwaka 1950 ilianza kuzunguka juu ya reli ya karibu mita 800. Bi. Lillian hakutaka maua yake yaharibiwe, basi reli ikapitishwa katika handaki chini yake. (Hesabu ya vipimo ilioje hapo!)

Mwaka 1953 mgeni mmoja aliiendesha kwa kasi kwenye kona, injini ikapinduka, na mtoto akaunguzwa na mvuke. Disney aliifunga reli ile, ingawa aliipenda mno. Disneyland ilipofunguliwa tarehe 17 Julai 1955, ilikuwa imezungukwa na reli ya mvuke. Alifariki mwaka 1966.