Jaji Thurgood Marshall na Udugu wa Chuoni

Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike juu ya mtu mashuhuri wa zamani ambaye maisha yake yatawafaa wanafunzi waliopo shuleni na sisi tuliokwisha kutoka. Najua alitarajia nimwandike mmoja wa viongozi wetu wa Uhuru, maana ndivyo tulivyozoea katika kurasa hizi. Lakini mimi nilikuwa karani wa mahakama kwa miaka 32, na katika miaka hiyo yote mtu niliyependa kusoma habari zake kuliko wengine ni Thurgood Marshall, mwanasheria Mmarekani mweusi. Ninayo sababu ya pili ya kumchagua, nayo inahusu kipengele cha nne cha ajenda ya mkutano wetu wa mwaka huu. Nitaifikia.

Marshall alizaliwa tarehe 2 Julai 1908 mjini Baltimore, jimbo la Maryland. Baba yake, William, alikuwa mhudumu katika mabehewa ya chakula ya reli, na baadaye akasimamia wahudumu katika klabu ya wazungu. Mama yake, Norma, alikuwa mwalimu. Jina alilopewa lilikuwa Thoroughgood, lakini akiwa bado mtoto wa shule ya msingi aliliona refu mno kuandika akalikata mwenyewe. Baba alipenda kwenda mahakamani kusikiliza kesi, akiwachukua wanawe, na jioni mezani hakukubali neno la mtoto lipite bila ushahidi. Shuleni kijana alikuwa mtundu, na kila alipokosa alipelekwa chumba cha chini ya jengo akariri kifungu cha Katiba ya Marekani. Hata akamaliza shule ameihifadhi karibu yote. Sisi adhabu yetu ilikuwa kufyeka nyasi nyuma ya jiko, na sijasikia aliyepata kuwa bwana shamba kwa ajili hiyo.

Mwaka 1925 aliingia Chuo Kikuu cha Lincoln katika jimbo la Pennsylvania. Kilikuwa chuo cha vijana weusi wanaume, nao walimu wake walikuwa wazungu. Hapa ndipo alipojiunga na chama cha udugu kiitwacho Alpha Phi Alpha, na yafaa nieleze vyama hivi ni vitu gani, kwa kuwa vijana wetu huviona katika sinema wakadhani ni vya ulevi tu.

Alpha Phi Alpha kilianzishwa tarehe 4 Desemba 1906 katika Chuo Kikuu cha Cornell, mjini Ithaca, jimbo la New York. Waanzilishi walikuwa vijana saba weusi. Kilichowasukuma si mchezo. Kabla yao walikuwapo wanafunzi weusi sita katika chuo hicho, na mwaka uliofuata hakurudi hata mmoja. Fikiri, ndugu msomaji, kijana peke yake katikati ya maelfu ya wazungu, bila bweni la kumpokea wala mtu wa kusoma naye usiku. Wale saba walianza kwa kukutana kama kikundi cha kusoma vitabu, wakabishana sana kama wabaki hivyo au wawe udugu wa kiapo, na mwishowe udugu ukashinda. Rangi zao zikawa nyeusi na dhahabu, na alama yao ikawa ile sanamu ya Misri yenye mwili wa simba na kichwa cha mtu. Kila tawi lilipewa herufi ya Kigiriki kwa utaratibu. Tawi la Cornell likawa Alpha, la Chuo Kikuu cha Howard likawa Beta, na la Lincoln, alikoingia Marshall, likawa Nu, herufi ya 13. Herufi ya mwisho, Omega, haikupewa chuo chochote. Tawi la Omega ni la marehemu. Ndugu akifa husemwa amehamia huko, naye huendelea kuhesabiwa kuwa mwanachama.

Kuingia haikuwa rahisi. Mwombaji alipitishwa katika muda wa majaribio kama wari wetu wa jandoni, akikariri historia ya chama, majina ya waanzilishi na mashairi marefu, akitumwa huku na huku na wakubwa wake. Katika vyuo vingi viboko vya ubao vilikuwa sehemu ya mambo hayo. Na hata nje ya vyama hivyo, pale Lincoln ilikuwa desturi wanafunzi wa mwaka wa pili kuwatesa wageni wa mwaka wa kwanza. Marshall hakuwa mtakatifu. Alipofika mwaka wa pili, yeye na wenzake waliwanyoa wageni vichwa kwa nguvu, na chuo kikawasimamisha masomo. Walirudishwa baada ya kukiri kosa kwa maandishi. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza jaji wa baadaye kusimama upande wa mshtakiwa, naye alikuwa na hatia.

Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza niliweka kitabu chini. Wale wa rika langu wanakumbuka mambo tuliyowafanyia mamono. Kumwamuru mtoto apulize taa ya umeme mpaka izime, au apige simu nyumbani kwa kiatu, hayo tunayacheka hata leo. Lakini mwaka 1976, nikiwa kidato cha tatu, mimi na wenzangu wanne tulimwamsha mono mmoja saa nane za usiku, tukamnyoa nusu ya kichwa kwa wembe mkavu, tukamwagia maji, tukamfungia nje ya bweni mpaka alfajiri. Mimi ndiye niliyeshika wembe. Hakutushtaki. Muhula uliofuata hakurudi, na kitanda chake kikapewa mwingine. Yeye alikuwa mmoja, wale wa Cornell walikuwa sita, lakini hesabu ni ileile ya wasiorudi.

Narudi kwa Marshall. Katika chuo hichohicho alikuwapo mshairi Langston Hughes, ambaye alikuwa mwanachama wa udugu mwingine, Omega Psi Phi. Mwaka 1929 Hughes alifanya uchunguzi miongoni mwa wanafunzi, akagundua kuwa wengi wao, vijana weusi, hawakutaka walimu weusi waajiriwe Lincoln. Marshall alikuwa mmoja wa waliopinga. Baadaye, kwa mazungumzo na Hughes na kwa kufikiri mwenyewe, aligeuka akawa mtetezi wa walimu hao. Katika miaka hiyo pia yeye na wenzake walikwenda sinema katika mji wa jirani wa Oxford, wakakalia viti vya wazungu na kukataa kuhama. Mwaka 1929 alimwoa Vivian Burey, aliyeitwa Buster, na wengi husema ndiye aliyemtuliza akashika vitabu. Alihitimu mwaka 1930.

Chuo cha sheria cha Maryland kilikuwa karibu na kwao, lakini hakikupokea watu weusi. Ikabidi aende Howard, mjini Washington, akisafiri kwa treni kila siku kutoka Baltimore. Mama yake aliweka rehani pete zake, ya uchumba na ya ndoa, ili karo ipatikane. Mkuu wa chuo cha sheria alikuwa Charles Hamilton Houston, mtu mkali asiyecheka na wavivu, na yeye pia alikuwa ndugu wa Alpha. Marshall alihitimu mwaka 1933 akiwa wa kwanza darasani.

Sasa ndipo udugu ule ulipoonyesha kazi yake. Kijana mweusi, Donald Murray, aliomba nafasi katika chuo kilekile cha sheria cha Maryland akakataliwa kwa ajili ya rangi yake. Chama cha Alpha Phi Alpha ndicho kilichoanza kuishughulikia kesi hiyo, kisha Houston na Marshall wakaipeleka mahakamani mwaka 1935. Hoja yao ilikuwa rahisi, hata karani angeielewa. Sheria ya wakati ule iliruhusu weusi na weupe kutengwa mradi huduma ziwe sawa. Maryland haikuwa na chuo cha sheria cha weusi hata kimoja. Basi usawa uko wapi? Mahakama iliamuru Murray apokewe, na rufani ya mwaka 1936 ikathibitisha hivyo. Mlango uliofungwa mbele ya Marshall aliufungua kwa ajili ya mwingine, miaka miwili tu baada ya kuhitimu.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi, nami nitayapitia haraka. Alikuwa wakili wa chama cha NAACP, akizunguka majimbo ya kusini kutetea watu weusi mahali ambapo wakili mweusi aliweza kuuawa njiani. Mwaka 1946, mjini Columbia, jimbo la Tennessee, nusura auawe yeye mwenyewe. Alisimama mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi 32 akashinda 29. Kubwa kuliko zote iliamuliwa tarehe 17 Mei 1954, ilipokatazwa kuwatenga watoto wa shule za serikali kwa rangi.

Kwetu Kenya alikuja Januari 1960, kwa mwaliko wa Tom Mboya, ili awe mshauri wa wajumbe wa Kiafrika katika mkutano wa katiba wa Lancaster House, London. Serikali ya kikoloni haikufurahi. Nje ya Nairobi alizuiwa kuhutubia mkutano wa hadhara. Aliomba aruhusiwe kuwasalimu watu kwa neno moja tu, akakubaliwa, naye akapaza sauti akasema uhuru. Umati ulilipuka kwa shangwe. Huko London aliandika mapendekezo ya sura ya haki za kimsingi, na ndani yake akaweka ulinzi wa mali za watu, wakiwamo walowezi wazungu na Waasia. Wako waliomlaumu. Mimi naona alikuwa akifuata hoja yake ileile ya Maryland, safari hii kwa faida ya watu wasiofanana naye. Mwaka 1963 alirudi akatutembelea tena.

Mwaka 1967 Rais Johnson alimteua kuwa jaji wa Mahakama ya Juu, mtu mweusi wa kwanza kukalia kiti hicho. Alistaafu mwaka 1991, akafariki tarehe 24 Januari 1993 akiwa na umri wa miaka 84. Kwa hesabu ya ndugu zake, tangu siku hiyo yuko tawi la Omega.

Kabla hajafa aliona jambo jingine. Mwaka 1989 mwanafunzi wa miaka 18 alifariki usiku alipokuwa katika majaribio ya kuingizwa Alpha. Mwaka uliofuata, 1990, viongozi wa vyama vinane vya udugu na vya akina dada weusi walikutana wakaufuta utaratibu mzima wa majaribio. Wazee walinung'unika kwamba chama kitakufa. Hakikufa, ingawa wako waliouendeleza kwa siri, na vyama vinapambana nao hadi leo.

Basi nimefika kwenye kipengele cha nne. Kamati imependekeza kwamba siku ya mkutano wetu tuwarudishie wanafunzi ule usiku wa mamono ambao mwalimu mkuu aliupiga marufuku, kwa madai kwamba ndio uliotufanya kuwa ndugu. Wanaopendekeza ni rafiki zangu, na wawili kati yao walikuwapo usiku ule wa mwaka 1976. Mimi nimemwandikia katibu kwamba nitapinga, na nimependekeza badala yake kila mmoja wetu achukue mono mmoja, ajue jina lake, amwandikie barua kila muhula, na karo ikikwama ajulishwe.

Yule kijana wa kitanda kile nimemtafuta kwa miaka mingi kupitia watu wa kwao. Akiwa anapata jarida hili, anwani yangu iko kwa mhariri, na siku ya mkutano nitakuwa langoni tangu saa mbili asubuhi.